Mnyororo Kwenye Boneti

Gari likianza kukohoa, mtaa mzima hujifanya daktari. Kinyozi wa kona alisema ni mafuta machafu. Muuza mkaa alisema ni plagi. Mzee mmoja ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli alisema gasketi imeungua, na alilisema kwa uhakika wa mtu aliyeingia ndani ya injini na kutoka. Lakini mwenye gari, dereva ambaye mtaa ulimbatiza jina la Sikio, hakutaka ushauri wa mtu. Alikuwa amesimama kwenye geti la nyumba yake, shati limelowa jasho, akimnyooshea kidole shemeji yake.

"Taimingi haijitegi na wala haijitegui," alisema. "Hapa kuna mkono wa mtu. Na ukiacha wangu, mkono unaoshika gari hili ni wako."

Shemeji huyo, mdogo wa mkewe, aliitwa Taratibu kwa sababu aliendesha kama aliyebeba mayai. Siku za kazi Sikio alipeleka watoto wa mtaa shuleni na kuwarudisha. Mwisho wa wiki Taratibu alilichukua gari akatafuta abiria wa kukodi. Mchana ule injini ilikuwa imeanza kugonga katikati ya mlima, gari likazima, watoto wakateremka na kupanda wenyewe kwa miguu, mikoba mgongoni, jua la utosi. Mama zao walikuwa hapo getini wamewashika mikono na kuwapepea. Kwa hiyo Taratibu alitukanwa mbele ya hadhira iliyojaa.

"Shemeji, mimi boneti sijaifungua tangu uliponipa gari," alisema.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alijibu Sikio, na mama mmoja akaguna kukubali.

Mkewe Sikio alikuwa mlangoni, futi ya kushonea shingoni. Huku mume, huku ndugu wa tumbo moja. Akimtetea mmoja amemtukana mwingine. Taratibu alimtazama dada yake, akangoja, kisha akaweka ufunguo wa gari juu ya ukuta na kuondoka bila kuaga.

Kwa asiyejua, kutega taimingi ni kuiambia cheche ya plagi iruke wakati gani. Ikiwahi, injini inagonga mlimani kama mtu anayepiga sufuria. Ikichelewa, gari linakosa nguvu na kuchemka. Gari lao lilikuwa la zamani, la kutegwa kwa mkono. Unalegeza bolti moja, unazungusha distribyuta, kile kikombe kinachozigawia plagi cheche, kwa unywele tu, huku unamulika puli, gurudumu dogo la mbele ya injini, kwa taa ya kumetameta mpaka mkwaruzo wake wa alama usimame kwenye jino la pili la kibati kilicho pembeni yake. Sikio aliifanya kazi hiyo mwenyewe, uani kwake, miaka yote. Na jina lake hakulipata bure. Angeweza kuwa ndani anakunywa chai, gari likapita nje, akasema, "Huyo beringi zimekwisha," na kweli, hukawii kulikuta gari hilo limepandishwa juu ya mawe.

Sasa gari la mwenye sikio hilo lilikuwa likitegwa leo na kuharibika kesho, mara hii na mara ile. Nani asingeshuku?

*

Nesi, mama wa watoto wawili kati ya wale wa gari, alikuja kwa mkewe Sikio, mshonaji, kuchukua sare zilizokuwa zikiongezwa urefu. Alikuwa mstaarabu, ndiyo maana maneno yake yaliuma.

"Dada, tunawapenda. Lakini Jumatatu gari likilala njiani tena, tutatafuta jingine. Wenzangu wamenituma nikwambie."

"Litakuwa limepona," alisema mshonaji, macho yakiwa kwenye pindo.

"Watoto watalia. Wanampenda mno mumeo. Hata nyumbani wanacheza ule mchezo wake wa taa za barabarani, mmoja anapiga kelele 'nyekundu!', mwingine 'kijani!', wanagombana nani kaona kwanza. Nasema mwanaume huyu ana subira."

Mshonaji alicheka kwa adabu. Akilini alikuwa anapiga hesabu ya gari tupu: kodi ya nyumba, ada ya wanawe wawili walio bweni, na cherehani yake moja ambayo isingeweza kubeba hayo yote hata ikishona na usiku. Vilevile aliwajua watoto wale mmoja mmoja kwa futi, kiuno cha nani kimenenepa, mguu wa nani umerefuka. Aliona kama anapokonywa wa kwake.

*

Sikio alinunua mnyororo. Aliupitisha kwenye wavu wa mbele, akauzungusha juu ya boneti, akapiga kufuli, na ufunguo akautundika shingoni kwa kamba ya kiatu. Mtaa ukapata cha kusema. Kinyozi aliuliza kama gari limefungwa jela au linang'ata watu. Sikio hakucheka. Alifunga mlango wa uani, akatega taimingi peke yake, injini ikaimba kama mpya, akapiga kufuli tena.

Siku mbili hazikupita, mlimani, gari likagonga. Safari hii halikuzima, ila watoto waliofika nyumbani walikuwa wanaigiza mlio wake, ko-ko-ko, mbele ya mama zao.

Jioni hiyo Taratibu alipita dukani kwa dada yake, kile kibanda cha mbele ya nyumba anakoshonea. Hakukaa kitini.

"Dada, nasikia limegonga tena."

"Limegonga."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Hukuwapo."

"Ufunguo wa kufuli anao nani?"

Mshonaji alikata uzi kwa meno.

"Basi mimi sisemi zaidi," alisema Taratibu. "Wewe ndiye unayekula naye."

Aliacha neno hilo pale kama mtu anayeacha mzigo mzito mlangoni pa mwenzake. Na mshonaji alilibeba. Kama mkono ni wa mtu, na ufunguo uko shingoni kwa mtu mmoja, basi Sikio analiharibu gari lake mwenyewe. Kwa nini? Kumfukuza Taratibu, ili mapato ya mwisho wa wiki yasionwe na mtu wa upande wa mke? Kuliuza kimya kimya, aseme limekufa? Shaka ni kama chawa, ukimpata mmoja unajua wapo wengi, na mshonaji alianza kupekua siku zake zote.

Akawakuta. Mume wake siku hizi harudi na giza. Jua likianza kushuka tu gari liko nyumbani, wakati jioni ndiyo saa ya abiria. Simu ikilia anapokea, lakini ujumbe ukiingia anautia mfukoni bila kuusoma. Mwanaume asiyesoma ujumbe mbele ya mkewe ana ujumbe wa kuficha, hilo hata mtoto analijua. Akimkuta mkewe njiani anapita kama hamjui mpaka aitwe. Na sasa alikuwa na jeraha juu ya unyusi.

"Umefanya nini hapo?"

"Boneti imeniangukia."

Lakini boneti ikianguka hubonda. Ule ulikuwa mchano mwembamba, safi, kama wa wembe au wa kucha. Mshonaji alimpaka dawa kwa hasira, akijiuliza kucha za nani.

*

Jumapili baada ya chakula cha mchana Sikio alibeba sanduku la spana kwenda uani. Mkewe alisimama kwenye mlango kabla haujafungwa.

"Leo nashika taa mimi."

"Utajichafua, mama watoto."

"Nitaoga. Ukinikatalia nitajua kuna jambo."

Alisita sana. Kisha akavua kamba shingoni na kufungua kufuli, akipapasa tundu kwa ncha ya kidole kabla ya kuingiza ufunguo. Aliwasha injini ipate moto, akachomoa kibomba kidogo cha upepo kwenye distribyuta na kukiziba kwa msumari, akalegeza bolti na kuirudisha distribyuta nyuma ili aanze upya, akabana waya wa taa kwenye plagi ya kwanza. Mikono yake ilikwenda yenyewe, kama ya mama anayemvisha mtoto nguo. Kisha akazima ili puli ifutwe, na mkewe akamwona akiitafuta alama kwa ukucha wake wa gumba, anakwaruza, anarudi, anakwaruza.

"Si hii hapa?" alisema mshonaji. Alitoa chaki ya kushonea kwenye mfuko wa gauni, akaupaka mkwaruzo ukawa mweupe pe.

Sikio aliwasha tena injini, na kwa kuwa mwanga wa taa hiyo hupotea juani, walitandaza shuka kuanzia boneti hadi mabega yao, wakabaki wawili gizani na injini katikati, inanguruma. Kama si mambo yalivyokuwa, mshonaji angetania kwamba hawajalala chini ya shuka moja mchana tangu fungate.

"Angalia feni," alisema Sikio. "Usisogeze uso."

Mshonaji aligeuka akautazama unyusi wake uliochanika, kisha feni, namna bapa lake linavyokata upepo. Kwa hiyo hazikuwa kucha za mtu. Lakini mtu aliyetega taimingi miaka yote anapelekaje uso mpaka kwenye feni?

Alimulika. Taa ilimetameta na puli ikaonekana imesimama ingawa inazunguka, mstari wa chaki ukitetemeka karibu na jino la kwanza. Sikio alianza kuzungusha distribyuta, kichwa kakiinamisha upande, mdomo wazi kidogo. Injini ilipanda sauti, ikalainika. Mstari ukafika jino la pili. Mshonaji alingoja asimamishe. Hakusimamisha. Injini ikazidi kuwa tamu, mstari ukapita jino la tatu, ukapita la mwisho, ukajificha nyuma ya bati.

"Hapo," alisema Sikio kwa furaha. "Sikia ilivyotulia. Imekaa."

"Alama iko wapi?"

"Jino la pili."

"Unaiona?"

"Naiona kama ninavyokuona wewe."

Alisema hivyo akiwa amemgeukia, anatabasamu, na macho yake yalikuwa yanatazama kando kidogo ya uso wake, karibu na sikio. Polepole mshonaji aliitoa taa kwenye puli, akaielekeza kwenye ukuta wa uani.

"Na sasa?"

"Ipo palepale. Haijatikisika."

Mshonaji alitoka chini ya shuka, akazunguka mpaka kwenye usukani, akazima gari.

"Mbona unazima?"

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usinichezee, baba watoto. Taa ilikuwa inamulika ukuta."

Sikio alikaa chini, juu ya debe tupu la oili, shuka bado begani. Ajabu ni kwamba kitu cha kwanza mkewe alichohisi kilikuwa nafuu: hakuna mwanamke. Akaona aibu kwa nafuu hiyo, na nyuma ya aibu ikaja hofu.

"Katikati kuna ukungu," alisema Sikio. "Pembeni naona. Na barabara naijua, hata mashimo yake nayajua kwa majina."

"Na taa za barabarani?"

Mshonaji aliwasikia akilini watoto wa Nesi, nyekundu, kijani, wanagombana nani kaona kwanza.

"Mungu wangu! Ulikuwa unawaendesha, au wao ndio walikuwa wanakuendesha?"

"Sijamgonga mtu."

"Bado."

"Muhula unakaribia kwisha. Acha niumalize, ada ya watoto ipatikane, nitakwenda kwa daktari. Nakuapia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Dereva asiyeona ni nani? Hebu nitajie, ni nani huyo, nami nimjue." Mkewe alitaka kumshika bega na alitaka kumpiga, yote kwa mkono uleule.

"Na mdogo wangu? Ulijua si yeye."

"Mwanzoni sikujua. Naapa. Sikio liliniambia nimetega vizuri, nalo halijawahi kuniongopea. Nikasema, basi kuna mtu." Alifuta uso kwa pindo la shuka. "Limekuja kugonga tena likiwa na mnyororo, ndipo nikajua."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Sasa nisikilize vizuri, maana kusikia unasikia. Kesho ukikaa kwenye usukani huo, mimi nitasimama mbele ya gari. Utaniona au hutaniona, shauri yako."

*

Taratibu alikuwa amepanga chumba kwenye nyumba ya wapangaji wengi, na Jumapili alasiri wote walikuwa uani wanafua. Mshonaji alitaka wamwite pembeni. Sikio alikataa.

"Nilimtukana mbele za watu. Siwezi kumwomba radhi chumbani."

Basi alisema palepale, kati ya mabeseni, wanawake wakiacha kusugua ili wasikie vizuri. Alisema gari lilikuwa likiharibiwa na yeye mwenyewe kwa kuwa macho yake yamekwisha, na kwamba shemeji yake hana kosa. Taratibu aliendelea kukamua suruali mpaka ikaacha kudondosha maji.

"Nani kakwambia nimekusamehe?"

"Hujasema. Nimekuja kusema langu tu."

"Na wewe, dada, ulisimama mlangoni ukaniangalia."

"Nilisimama," alisema mshonaji. Alikuwa ameandaa sababu nyingi njiani, hakuitoa hata moja.

Taratibu alianika suruali, akaibana kwa vibanio viwili, akaingia ndani. Walidhani ndiyo basi. Alitoka amevaa shati.

Waliitega taimingi uani kwa Sikio kabla jua halijashuka, Taratibu na taa, Sikio na mkono kwenye distribyuta.

"Rudisha. Rudisha tena, imepita."

"Inalia vibaya, shemeji."

"Injini ikiwa imesimama nyumbani inapenda kuwahishwa, na sikio lako linaipendelea. Ndiyo maana mlimani inakuaibisha. Rudisha."

Sikio alirudisha, uso umekunjamana kama anayemeza dawa chungu. Injini ilishuka, ikawa nzito kidogo. Jino la pili. Wakakaza bolti, Taratibu akalipandisha gari mlimani na kurudi, halikugonga hata mara moja. Mnyororo walimpa kinyozi, ambaye alikuwa na mbuzi msumbufu.

*

Usiku ule mshonaji alilala na shaka mpya. Alimjua mumewe. Kesho atasema mgongo unamsumbua. Atasema shemeji anamsaidia siku mbili tatu, na kwa uongo huo mdogo, usiomdhuru mtu, watoto watapanda na muhula utaisha. Kibaya zaidi, alipojichunguza, alikuta sehemu yake inatamani aseme hivyo.

Asubuhi Taratibu alikuwa kwenye usukani, shati limepigwa pasi, injini inanguruma getini. Watoto waliingia wakisukumana. Mama zao walisimama pembeni, na Nesi, akiwa tayari na sare yake ya kazi, alitazama aliyekaa mbele kisha akamtazama Sikio.

"Leo umepumzika, baba?"

"Sioni, mama," alisema Sikio. "Macho yangu yameharibika tangu mwanzo wa muhula. Nimewaendesha watoto wenu sioni, na nikamsingizia kijana huyu. Kuanzia leo anaendesha yeye. Yeye anaona, na hana mwendo wa fujo, mnamjua."

Mshonaji aliona usoni mwa Nesi kitu kile kile alichokipata yeye uani, kile cha nyekundu na kijani, kikimfikia na kumpiga.

"Teremkeni," Nesi aliwaambia wanawe.

"Mama, tutachelewa."

"Nimesema teremkeni."

Mama wa pili naye akafungua mlango wa upande wake. Kisha wa tatu. Watoto waliteremka wakishangaa, mmoja akiuliza kama gari limeharibika tena.

"Mimi nimejua jana tu," alisema mshonaji. "Haki ya Mungu, jana."

Nesi alimtazama kwa macho makavu. "Dada, unalala naye kitanda kimoja."

Akawashika watoto mikono na kuondoka nao, na wengine wakamfuata, sare zote zile mshonaji alizozikata mwenyewe zikipotea kwenye kona. Hakuna aliyemwamini, wala yeye asingejiamini kama angekuwa wao. Kinyozi, aliyekuwa anafungua duka, akajifanya anahangaika na kufuli.

Injini iliendelea kunguruma, imetulia, haina kasoro. Taratibu alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele. Sikio alisimama pale pale alipokuwa, mkono juu ya paa la gari. Alikuwa amesikia milango yote, kila mmoja ulivyofunguliwa na ulivyofungwa, na nyayo zote zilivyokwenda zikapungua. Hata hivyo alimgeukia mkewe, karibu na pale alipokuwa, akauliza.

"Wamepanda wangapi?"

Mshonaji alivitazama viti.

"Hakuna hata mmoja," alisema.

Sikio alitikisa kichwa kukubali. "Zima, shemeji," alisema. "Mafuta yanaungua bure."